Darasa la Historia la jioni, Nyakato: nimelipa miezi mitatu, haya ndiyo niliyoyapata

Ada ni shilingi 35,000 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu usiku. Chumba kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Nyakato, Mwanza, na ukiingia unapita katikati ya mabomba na mifuko ya saruji. Nimelipa miezi mitatu kwa fedha ya dagaa, fedha ambayo kila noti yake naijua ilivyotafutwa, kwa hiyo nitasema lililo zuri na lililoniudhi. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi. Mwalimu ni mmoja, anajitegemea, na malalamiko yangu sitaki yamfungie mlango.

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2005, nikafaulu, ada ya kuendelea ikakosekana, nikaingia soko la samaki la Mwaloni Kirumba kumsaidia mama mdogo kupima na kufunga dagaa. Niko pale mpaka leo, na mzigo sasa ni wangu mwenyewe. Masomo mengine najisomea. Kilichonishinda ni karatasi ya pili ya Historia, ile ya Ulaya na dunia, na humo ndani hasa mada moja: kwa nini Uingereza ya viwanda ilibadili Bunge lake na sheria zake za kura.

Kituo cha kwanza nilichokwenda kilikuwa mjini kati. Walinipa karatasi mbili zilizochapwa, zenye sababu nane, kila sababu imepigiwa mstari. Mapinduzi ya Viwanda. Ongezeko la watu. Mfano wa Ufaransa. Na kuendelea. Tukaambiwa tukariri kwa mpangilio huo huo. Nikauliza: hizi sababu nane zilikuwa zimekaa wapi miaka yote ile, mpaka zingoje 1832, mwaka wa mageuzi yenyewe, ndipo zifanye kazi? Nikajibiwa kwamba swali hilo haliji kwenye mtihani. Nilimaliza mwezi niliolipia, sikurudi.

Huku Nyakato, siku ya kwanza mwalimu hakugusa ubao. Alisalimia "Mwadila", tukaitikia, akatuhesabu: thelathini na mmoja. Akachukua watu saba akawaweka dirishani, sisi wengine ishirini na wanne akatusogeza mlangoni. Mbele akaweka viti viwili vyekundu vya plastiki. "Hivi viti ni vya Bunge," akasema. Akawageukia wale saba: chagueni wawili wakae. Wakachagua, wakakaa. Kisha akatugeukia sisi: "Na ninyi? Nani mnampeleka?" Hakukuwa na kiti kilichobaki.

Wale saba walikuwa Old Sarum. Sisi tulikuwa Manchester.

Old Sarum ni kilima chenye magofu karibu na mji wa Salisbury. Watu walishahama zamani, hakuna aliyeishi pale, lakini kwa kuwa haki ya kura ilifungwa kwenye viwanja, na viwanja vilikuwa na mwenyewe, kilima kile kiliendelea kupeleka wabunge wawili hadi mwaka 1832. Manchester kufikia 1831 ilikuwa na watu zaidi ya laki moja, moshi wa viwanda vya nguo umeifunika, na haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Birmingham, Leeds na Sheffield vilevile. Mtu wa miji hiyo aliyekuwa na ardhi huru yenye thamani ya shilingi 40 kwa mwaka aliweza kupiga kura ya kaunti, kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1430. Asiyekuwa nayo alibaki kama sisi pale mlangoni, amesimama.

Halafu akatusimulia Dunwich, mji wa pwani ya mashariki uliokuwa bandari kubwa zama za kati, bahari ikaumega kidogo kidogo karne hadi karne, ukabaki kijiji, nao ukaendelea kupeleka wabunge wawili. Kijana mmoja wa Ukerewe akasema kwao kambi ya wavuvi ilifunikwa na maji ziwa lilipojaa mwaka 2020, watu wakahamisha mabanda. "Sasa mwalimu," akasema, "ni kama kambi ile imezama, lakini mwenyekiti wake bado anakuja kwenye kikao kutuamulia sisi tuliohama." Mwalimu akamwambia aandike sentensi hiyo kwenye daftari kama alivyoisema. Mimi pia niliiandika.

Nimeanza na somo hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nilipe mwezi wa pili. Yule wa mjini alinipa "uwakilishi usio sawa" kama maneno matatu yenye mstari chini. Huyu alinisimamisha mlangoni dakika arobaini.

Sasa lile swali langu la wakati. Nililirudia hapa, wiki ya tatu, na mwalimu akalifanyia kipindi kizima. Nitalieleza kwa namna nilivyolishika mimi, maana hapo ndipo thamani ya fedha yangu ilipo.

Mashine zilikuwepo miongo kadhaa kabla ya 1832. Viwanda vya kusokota nyuzi viliota Lancashire tangu miaka ya 1780, vikitumia pamba ambayo baada ya muda ilitoka zaidi Marekani kwa jasho la watumwa. Sensa ya kwanza ya mwaka 1801 ilikuta Uingereza na Scotland na Wales wana watu kama milioni 10 na nusu. Ya 1831 ikakuta zaidi ya milioni 16. Kwa hiyo mizani ilikuwa imepinda mapema, na kila aliyetaka kuona aliona. Lakini Bunge lilikuwa mikononi mwa makabaila, wenye mashamba, na wenye mashamba walikuwa wakilitumia. Mwaka 1815, vita vya Napoleon vilipokwisha na bei ya ngano ikaanza kushuka, walipitisha Sheria ya Nafaka: ngano ya nje isiingizwe mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo chao. Mkate ukabaki ghali. Mfanyakazi wa kiwandani akaumia tumbo, na tajiri wake akaumia mfuko, maana mkate ukiwa ghali mshahara unadaiwa kupanda. Mimi ninayeuza chakula nililielewa hili kabla mwalimu hajamaliza. Watu wawili ambao kila siku wanagombana, mwajiri na mwajiriwa, wakajikuta wana adui mmoja, na adui huyo anakaa bungeni kwa kiti cha Old Sarum.

Tarehe 16 Agosti 1819, watu kama elfu sitini walikusanyika uwanja wa St Peter's, Manchester, kumsikiliza Henry Hunt akidai mageuzi ya Bunge. Walikuja na wake zao na watoto, wengi wamevaa nguo zao za Jumapili. Mahakimu wakatuma askari wa farasi. Walikufa si chini ya watu 15, mamia wakajeruhiwa kwa mapanga na kwato. Serikali ikawapongeza mahakimu, na kabla mwaka haujaisha ikapitisha sheria sita za kubana mikutano na magazeti. Basi hasira ilikuwepo, na bado miaka kumi na mitatu ikapita.

Kilichobadilika, mwalimu alituonyesha kwa kuandika miaka mitatu tu ubaoni, 1829, 1830 na 1831, akatuacha tujaze. Mwaka 1829 chama tawala cha Tory kilipasuka chenyewe kwa sababu ya kuwapa Wakatoliki haki ya kukaa bungeni, na waliokasirika wakawa hawamwamini tena kiongozi wao, Duke wa Wellington. Mwaka 1830 mfalme George wa Nne akafa mwezi Juni, na kifo cha mfalme kwa sheria zao kilileta uchaguzi. Julai, Wafaransa wakamwondoa mfalme wao mjini Paris kwa siku tatu, na tajiri wa Uingereza akaona kwamba mapinduzi yanaweza kufanyika bila wenye mali kupoteza mali. Vuli ile vibarua wa mashamba ya kusini wakaanza kuchoma mazizi na kuvunja mashine za kupurua ngano. Birmingham, mwenye benki Thomas Attwood alikuwa ameshaanzisha umoja wa siasa uliowakusanya mabwana wa viwanda na mafundi wao pamoja. Na katikati ya moto huo, mwezi Novemba, Wellington akasimama akasema mfumo wa Bunge ulivyo hauhitaji kuguswa. Ndani ya wiki mbili serikali yake ilianguka, akaingia Earl Grey wa chama cha Whig, kilichotaka mageuzi.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Sababu za zamani zilikuwa kuni zilizokauka. Miaka ile mitatu ilileta mgawanyiko juu na umoja chini kwa wakati mmoja, na vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kabla. Mwalimu anasisitiza kwamba Mapinduzi ya Viwanda ndiyo sababu kuu, na kwenye mtihani nitaandika hivyo kwa sababu ni kweli kwa msingi. Lakini nilimwambia, na narudia hapa, kwamba kiwanda peke yake hakikumtoa mtu kitini. Kilichomtoa ni kwamba wenye viti waligombana wao kwa wao siku ambayo walio nje walikuwa wameacha kugombana. Mwalimu alisikiliza, akasema, "Dada, iweke hiyo kwenye aya ya mwisho na uitetee." Mwalimu anayekuruhusu kubishana naye na kukuonyesha pa kuuweka ubishi wako, huyo analipwa kwa haki.

Masimulizi ya muswada wenyewe, ule wa mageuzi ambao serikali ya Grey iliupeleka bungeni, aliyafanya kama mpira wa redioni. Machi 1831, kura 302 dhidi ya 301: umepita kwa kura moja. Ukakwama kwenye kamati, wakaitisha uchaguzi, wanamageuzi wakashinda vizuri. Oktoba, Bunge la Malodi, lile la juu la makabaila wasiopigiwa kura, likaukataa kwa kura 199 dhidi ya 158. Nottingham wakachoma ngome ya Duke wa Newcastle, Bristol ikawaka siku tatu. Mei 1832 Malodi wakauchezea tena, Grey akajiuzulu, Wellington akajaribu kuunda serikali.

Na hapa alitoa mfano ambao watu wa Mwaloni mtaupenda. Mshonaji wa zamani wa London, Francis Place, alisambaza wito: mkitaka kumzuia Duke, nendeni mkadai dhahabu. Yaani kila mwenye noti aende benki akazibadilishe kwa dhahabu, siku hizo hizo, wote kwa pamoja. Mwalimu akauliza nani ana kibanda cha miamala ya simu. Mama mmoja wa Igoma akanyosha mkono. "Wateja wako wote wakija kutoa asubuhi moja?" Mama akacheka, akasema, "Nafunga kibanda saa tatu." Basi ndivyo. Hawakurusha jiwe, walikwenda na noti zao mkononi. Wellington akashindwa kuunda serikali, mfalme William wa Nne akakubali kwamba ikibidi ataongeza malodi wapya wa kutosha kuupitisha, Malodi wenyewe waliposikia hivyo wakalegea, na tarehe 7 Juni 1832 ikawa sheria. Miji 56 "iliyooza", ndivyo walivyoiita ile ya aina ya Old Sarum, ikapoteza wabunge wake wote, mingine 30 ikapoteza mmoja mmoja, na Manchester ikapata viti viwili.

Siku hiyo tulirudishiwa viti vyetu vyekundu, lakini kwa dakika tano tu. Akatuuliza nani kati yetu anapanga nyumba nzima, si chumba, yenye kodi ya juu kuliko kiasi alichotaja. Watu wanne wakanyosha. "Hao wanne wakae. Wengine, mlangoni." Ndiyo sheria ya pauni 10: mjini alipiga kura mwanaume anayemiliki au kupanga jengo lenye thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Baada ya mageuzi yale makubwa, Uingereza na Wales kura ilikuwa mikononi mwa kiasi cha mwanaume mmoja kati ya watano. Mafundi na vibarua waliojaza viwanja, waliokatwa mapanga Manchester, waliotia hofu mpaka malodi wakalegea, wakabaki nje. Walitumika kama ngazi, na juu walipofika wenzao ngazi ikaachwa chini. Jambo hili liliniuma na bado linaniuma ninapoliandika, kwa sababu nimeona kwa macho yangu vikundi vinavyoanza na watu wote na kuisha na wachache.

Kutoka kwenye uchungu huo ndipo Wachatisti, wafanyakazi waliodai kura, walipotokea, na hapo mwalimu hakuhitaji mifano. Mwaka 1838 wakatoa Hati ya Watu yenye madai sita: kura kwa kila mwanaume mzima, kura ya siri, mbunge asilazimike kuwa na mali, mbunge alipwe mshahara, majimbo yawe sawa, na Bunge lichaguliwe kila mwaka. Wakakusanya saini zaidi ya milioni moja na laki mbili mwaka 1839, zaidi ya milioni tatu mwaka 1842. Bunge likakataa mara zote mbili. Wakajaribu tena 1848, nayo ikashindikana. Kisha madai yale yakaanza kuingia moja moja kwa mlango wa nyuma, na yote yameshaingia isipokuwa lile la uchaguzi wa kila mwaka.

La kwanza kuingia ni lile la mali ya mbunge, lililofutwa mwaka 1858. Mwalimu alipotaja mwaka huo alinyamaza, akatuuliza mwaka 1858 ulikuwa na nini hapa kwetu. Hakuna aliyejibu. Ni mwaka ambao msafiri Mwingereza John Speke alifika huku Mwanza, mwezi Agosti, akalitazama ziwa letu lililokuwa na majina yake, akalipa jina la malkia wake. Nilikwenda nyumbani nikiwaza hilo kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Kipindi cha kura ya wazi nakisimulia pia, kwa sababu ndicho kilichonitisha. Alitupigisha kura mara mbili kwa swali lile lile: muda wa darasa usogezwe mbele au usisogezwe. Mara ya kwanza kwa mkono, na kabla ya kuanza akasema yeye ndiye mwenye chumba, na anayepinga anachotaka yeye atasimama wiki nzima. Mikono ishirini na sita ilimfuata. Mara ya pili kwa vikaratasi vilivyokunjwa, kwenye kopo. Waliomfuata walikuwa kumi na moja. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobadilika, nasema wazi. Kisha akatueleza kwamba mwaka 1829 Duke wa Newcastle aliwafukuza wapangaji wake wa mji wa Newark kwa sababu walimpigia mgombea ambaye yeye hakumtaka, akaona ni haki yake kwa kuwa nyumba ni zake. Kura ya siri ikaja 1872. Sanduku la kwanza lilitumika uchaguzi mdogo wa Pontefract, na lilifungwa kwa lakiri iliyogongwa muhuri wa kiwanda cha peremende za mji huo.

Sasa yaliyoniudhi.

Kijitabu cha nukuu anakiuza shilingi 5,000 na kina kosa kubwa: ukurasa wa nne kinasema sheria ya 1832 iliwapa wafanyakazi haki ya kupiga kura. Darasani anafundisha kinyume chake, tena vizuri kama nilivyoeleza. Nilimwonyesha. Alishtuka, akasema kilichapwa kutoka nukuu za zamani, na wiki iliyofuata akapita meza kwa meza akisahihisha kwa kalamu. Nashukuru, lakini vijitabu vilivyouzwa kabla yetu viko mitaani, na yupo mtu atakayekosa alama kwa ajili yake.

Jingine ni idadi. Tulianza thelathini na mmoja, mwezi wa tatu tumefika arobaini na sita, chumba ni kile kile, feni ni moja, na umeme ukikatika tunasomea taa ya sola iliyotundikwa kwenye nondo. Ada haikupungua. Kipindi cha kujifunza kuandika insha kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya mtihani, anakiacha dakika ishirini za mwisho, na mara nyingi zinaliwa na maswali. Ufahamu wote ninaoupata kwa Kiswahili nalazimika kuuhamisha peke yangu usiku. Namwomba aongeze jioni ya nne kwa ajili hiyo, hata kwa ada ya juu. Nitalipa.

Na nililalamika juu ya wiki moja niliyokosa. Wavuvi wa dagaa wanapumzika mbalamwezi inapowaka, maana taa haivuti dagaa ziwa likiwa na mwanga, kwa hiyo siku hizo nakuja mapema na nimelala vizuri. Wiki za giza mzigo unaingia alfajiri, naamka saa tisa usiku, na kuna wiki shehena ilikuja kubwa sikuweza kutoka kabisa. Niliomba wiki ile ihamishiwe mwezi unaofuata. Alikataa, akasema akinifanyia mimi atawafanyia wote. Kwa darasa lililoko Mwanza, lenye wafanyabiashara wa samaki wasiopungua kumi, naona hilo lingefikiriwa upya.

Kuna lalamiko moja ambalo alilimaliza kwa namna iliyonipendeza. Wiki sita zilipita bila kutaja mwanamke. Nikauliza. Akakiri kwamba kwenye nukuu zake hakuna, akaomba mpaka Jumatatu. Jumatatu akaja na kipindi kizima. Akatuambia kwamba pale uwanjani Manchester mwaka 1819, jukwaani, alikuwepo Mary Fildes, kiongozi wa chama cha wanawake wanamageuzi cha mji ule, naye akajeruhiwa. Kwamba sheria ya 1832 ndiyo ya kwanza kuandika waziwazi kuwa mpiga kura ni mwanaume. Kwamba mwaka 1867, Bunge lilipokuwa linaongeza mafundi wa mijini baada ya watu kuangusha uzio wa bustani ya Hyde Park, London, mwaka uliotangulia, mbunge John Stuart Mill alipendekeza neno "mwanaume" libadilishwe liwe "mtu", akapata kura 73 dhidi ya 196. Vibarua wa vijijini wakaongezwa 1884. Wanawake wakangoja mpaka 1918, tena wa miaka thelathini kwenda juu na kwa masharti, na usawa na wanaume ukaja 1928. Vijana wa kiume darasani walikuwa kimya. Mama wa Igoma alisema tu, "Miaka mia moja na tisa tangu apigwe yule mama jukwaani." Alikuwa ameshapiga hesabu pembeni ya daftari.

La mwisho, nieleze kwa nini nimeendelea kulipa. Babu yangu alilima pamba Magu. Nilikua nikisikia kwamba kwenye uchaguzi wa 1958 hakuandikishwa, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani alikuwa shamba. Mwalimu alipofika kwenye pauni 10 alitaja, kama mfano tu, kwamba uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa, na kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Serikali iliyoweka masharti hayo ni ile ile ambayo kwao walishafuta kigezo cha mali kwa wanaume miaka arobaini nyuma. Babu hakuwa na darasa la nane. Alikuwa na pamba, na pamba haikumfikisha pauni 150. Nilimpigia mama simu usiku ule kutoka kituoni. Akaniambia ndiyo, babu alikwenda kwa miguu kujiandikisha, wakamuuliza maswali mawili, akarudi.

Insha ya majaribio ya mwezi wa tatu, ya kueleza sababu za mageuzi ya 1832, nimepata alama 14 kati ya 20. Kwenye aya ya mwisho niliuweka ule ubishi wangu, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Imetetewa."

Anayetaka kujiunga afike kati ya tarehe 1 na 5 ya mwezi, alipe taslimu au kwa simu, aje na kauntabuku ya kwaya tatu na tochi. Kijitabu asikinunue mpaka toleo jipya litoke; nukuu za darasani zinatosha. Akae upande wa dirisha, mlangoni vumbi la saruji linaingia kwenye daftari. Mimi mwezi wa nne nimeshaulipia.